Mboga bila samadi hapa Mombasa, kwani ng'ombe ni wa lazima?

“Assalam aleikum mtaalamu. Naishi Mtopanga, nyuma ya nyumba nina kiploti cha kama mita nane kwa tano. Tangu mwaka jana nimeacha nyama, samaki, maziwa na mayai, sasa nataka hata mboga zangu zisitumie kitu cha mnyama, yaani organiki bila dawa za kemikali na pia bila samadi ya ng'ombe, bila mbolea ya kuku, bila unga wa mifupa. Nilichanganya udongo na vumbi la mbao kutoka kwa seremala, makumbi niliyoyakatakata na jivu jingi la makaa, manake nimesoma jivu ni mbolea. Nikapanda sukuma na mchicha, pembeni kunde. Maji ni ya kisima, yana chumvi kiasi. Sasa ni wiki ya sita, sukuma zimedumaa, majani ya chini yageuka manjano na kuanguka, na kunde nazo ni yale majani machanga ya juu ndiyo ya manjano lakini mishipa imebaki kijani. Mavyaa wangu acheka tu, asema bila samadi udongo wa Mombasa hautoi kitu. Ni kweli? Mwani wa baharini naweza kutumia? Na hizi mboga zitanipa ile vitamini B12 au niitafute kwengine?”

Wa aleikum salaam dada. Kwanza ahsante kwa kuandika ni majani yepi na ni manjano ya namna gani, watu wengi huniletea tu “mboga zangu zimekuwa njano nifanyeje” na hapo sijui nianzie wapi. Wewe maelezo yako yenyewe yana nusu ya jibu.

Nikwambie mapema ili usome ukiwa na roho tulivu: inawezekana, na kilichokuharibia si kukosa samadi. Ni vumbi la mbao na jivu kukutana na udongo wetu huu wa matumbawe. Hata ungemwaga samadi juu ya ule mchanganyiko, sukuma zingepata nafuu kiasi lakini tatizo la kunde lingebaki pale pale.

Tuanze na mavyaa. Mwambie ana haki, kwa sababu yeye ameona kwa macho yake mchanga mtupu ukitiwa samadi na mchicha ukasimama, hayo si maneno ya kubuni. Lakini samadi yenyewe yatoka wapi? Ng'ombe hatengenezi rutuba, ng'ombe ni kama broka wa soko la Kongowea, mzigo hakuulima yeye, wapita tu mikononi mwake na yeye akata chake. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu zote zilizo kwenye samadi zilikuwa kwenye nyasi na majani aliyokula, sehemu ikawa maziwa na nyama na mifupa, sehemu ikapotea hewani (ile harufu kali ya boma asubuhi ni amonia, yaani nitrojeni yenyewe hiyo yaondoka), kilichobaki ndicho tunachopakia kwenye mkokoteni. Kazi ya maana anayoifanya ni mbili: amesaga majani na bakteria wa tumboni mwake wakaanza kuyavunja, na amezunguka eneo kubwa akila halafu akaja kuishusha ile rutuba mahali pamoja. Sasa wewe ukitaka kumtoa kwenye hesabu lazima hizo kazi mbili uzifanye mwenyewe, uozeshe na ukusanye. Wengi wanaoshindwa ni kwa sababu wanaacha samadi halafu hawaweki chochote mahali pake, wanadhani kutotumia ndio njia yenyewe.

Na kuna jambo jengine watu huchanganya, organiki na “bila mnyama” si kitu kimoja. Kanuni za kilimo hai za Afrika Mashariki zilizopitishwa mwaka 2007, zile za alama ya Kilimohai, zinaruhusu samadi, na wakulima wengi wa organiki duniani wanaitegemea sana. Kwa hivo ukienda dukani ukaona gunia limeandikwa mbolea ya organiki usifikiri ni lako wewe, mengi ni mbolea ya kuku iliyokaushwa, na siku hizi kuna ya mavi ya mabuu ya nzi pia, yauzwa sana hapa Kenya. Uliza mpaka waudhike.

Kama mavyaa ataka mfano, mpeleke Haller Park hapo Bamburi, si mbali na kwenu. Watu huenda kuangalia twiga na viboko, lakini cha ajabu pale ni udongo. Ile ilikuwa machimbo ya saruji, mwamba wa matumbawe mtupu, jua kali, maji ya chumvi, hakuna udongo kabisa. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller akaanza kupanda miti na mmoja kati ya iliyokubali ni mvinje. Mvinje una vifundo kwenye mizizi ambamo bakteria wanachukua nitrojeni kutoka hewani, kwa hivo haukungoja mtu autilie mbolea. Majani yake yale kama sindano yakaanguka, yalikuwa magumu hayaozi, wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu wakayala na kuyavunja, na polepole ikajengeka tabaka ya udongo mweusi ambao ukabeba miti mingine. Wanyama wakubwa walikuja baadae. Najua utaniambia jongoo pia ni mnyama, sawa, lakini yeye ajilia majani tu na hakuna aliyemchinja. Huko Uingereza napo, Oxfordshire, kuna mkulima anaitwa Iain Tolhurst ambaye kwa miaka mingi sana ameuza mboga za shamba zima bila samadi yoyote, kwa kuzungusha mazao, mbolea ya kijani na vipande vya matawi vilivyooza. Hali ya hewa yake si yetu, hana huu mchanga wala hili jua, lakini kanuni ni ile ile.

Haya sasa tuje kwenye majani yako, manake hapa ndipo penye kazi.

Sukuma zako zinaanza manjano chini. Nitrojeni ni kitu kinachohama ndani ya mmea, ikipungua mmea unaichukua kutoka majani ya zamani unayapelekea machanga, kwa hivo la chini ndilo linakufa kwanza. Hiyo ni njaa ya nitrojeni. Nani kaila? Vumbi la mbao. Mbao ni kaboni tupu, nitrojeni kidogo mno, na ukishaichanganya ndani ya udongo bakteria na kuvu wanaanza kuila, lakini ili wajenge miili yao wanahitaji nitrojeni, na mbao haina, kwa hivo wanaifyonza ile iliyo kwenye udongo kabla mzizi wa sukuma haujaifikia. Mboji huiva vizuri pale kaboni ikiwa sehemu kama 25 au 30 kwa sehemu moja ya nitrojeni, vumbi la mbao hupita 200 kwa moja na mara nyingi zaidi. Makumbi nayo ni hivo hivo ingawa yanaoza polepole sana mpaka wakati mwengine hata hayaleti madhara, yanakaa tu. Ile nitrojeni haijapotea lakini, imeshikwa. Bakteria wakifa itarudi, ila sukuma yako haiwezi kungoja miezi.

Kunde nazo ni jambo tofauti kabisa. Manjano juu kwenye majani machanga na mishipa imebaki kijani, hiyo si nitrojeni, mara nyingi ni chuma. Chuma hakihami ndani ya mmea, kwa hivo kikikosekana ni jani jipya ndilo linaumia. Na si kwamba chuma hakimo kwenye udongo, kimo, ila hakiyeyuki. Udongo wa Mombasa mwingi umekaa juu ya mawe ya matumbawe, ni chokaa, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ni katikati, juu ya hapo ni alkali) hufika 8 hivi, na kwenye hali hiyo chuma, zinki na manganizi vinajifunga, na fosforasi nayo inashikana na kalsiamu. Kunde na maharagwe ni wepesi kuonyesha hilo. Halafu wewe juu yake ukaongeza jivu, na jivu ni alkali, lapandisha pH zaidi. Hao walioandika jivu ni mbolea hawakukosea, kule bara kwenye udongo mwekundu wenye asidi jivu ni dawa, lakini huku kwetu ni kumuongezea chumvi mtu mwenye presha. Ukitaka kuhakikisha chukua udongo mkavu kidogo kutoka mahali ambapo hukuweka jivu, utilie siki au ndimu, ukichemka povu basi una chokaa ya kutosha wewe na wajukuu zako. Na kwa hivo hivo yale maganda ya mayai ambayo kila mtu kwenye intaneti anayasifu wewe huna haja nayo hata kama ungekuwa unakula mayai.

(Na hapa nikuchokoze kidogo, matumbawe ni wanyama. Mwamba unaolima juu yake ni mifupa ya viumbe wa baharini waliokufa zamani mno kabla ya mji huu kuwepo. Kwa hivo usafi wa asilimia mia Mombasa hauupati, fanya lile lililo mikononi mwako.)

Sasa ufanye nini wiki hii. Jivu acha kabisa. Vumbi la mbao lililo juu likwangue ulirundike pembeni, lililoingia ndani liache usilichimbue. Vumbi hilo baadae litafaa kama matandazo juu ya udongo, likiwa juu haliibi nitrojeni sana, hatari yake ni pale linapochanganywa ndani. Ila muulize seremala kama mbao zilikuwa zimetiwa dawa au kama ni zile mbao za kubandika gundi, kama ndio hulitaki hata kwa matandazo.

Halafu lete majani mabichi yenye nitrojeni, na hapa nataka uifahamu lusina. Ule mti unaota kila mahali, kando ya barabara, kwenye viwanja visivyojengwa, majani madogo madogo, maua ya duara meupe, maganda bapa ya kahawia ya mbegu. Watu wauchukia kwa sababu hauishi kuota. Jani lake likikaushwa lina nitrojeni kama asilimia 4, samadi nyingi za boma hata nusu ya hiyo hazifiki. Glirisidia, mti mwengine wa jamii ya kunde, nayo haiko mbali. Kwa hesabu ya haraka haraka, gunia la majani mabichi la kilo kumi litakupa gramu kama mia moja za nitrojeni. Sukuma kwenye ploti yako ya mita za mraba 40 zinataka pengine gramu 400 mpaka 600 kwa msimu, na si yote ya kwenye majani itapatikana msimu huo huo, sema nusu. Kwa hivo ni magunia kadhaa na si gunia moja, yafukie juu juu kati ya mistari au yatandaze na uyafunike na majani makavu yasichomwe na jua. Kata kabla haujatoa mbegu, la sivyo utakuwa na msitu wa lusina nyuma ya nyumba na utanilaumu mimi.

Kama wataka kitu cha haraka zaidi, loweka hayo majani kwenye pipa la maji wiki mbili, koroga kila siku mbili tatu, yatanuka vibaya sana jitayarishe kwa majirani, halafu chuja na uchanganye na maji mara mbili yake umwagie kwenye shina. Pipa lifunike na kitambaa kisichopitisha mbu, Mombasa tumeshaugua dengi ya kutosha. Sukuma zikiwa bado zina uhai utaona jani jipya lina rangi baada ya wiki mbili hivi. Zikiwa zimeshakuwa ngumu kama fimbo zing'oe tu zitie kwenye mboji, usipoteze muda.

Hilo ni la kuzima moto. La kudumu ni kunde na wenzake, na hapa kuna kosa ambalo hata wakulima wazoefu wanalifanya. Wanasikia jamii ya kunde inaleta nitrojeni, wanapanda, wanavuna maharagwe yote, wanang'oa mashina wanayatupa, halafu wanashangaa sukuma inayofuata haina tofauti. Nitrojeni nyingi iliyochukuliwa hewani iko juu, kwenye majani na mbegu, mizizini hubaki kiasi kidogo. Ukishavuna mbegu umeondoka nayo. Ukitaka ilishe udongo lazima uikate ikiwa imetoa maua na kabla ya kujaza punje, uiache pale pale mizizi ikiwa ndani ya ardhi. Kunde zikikubali vizuri hufikisha kilo 50 mpaka 100 za nitrojeni kwa hekta, kwako wewe hiyo ni gramu 200 mpaka 400 kwa ploti nzima. Kwa hivo nusu ya deni lako lalipwa na hewa, bure.

Lakini mwenyewe umeona kunde zako zina shida ya chuma. Basi kwa udongo kama wako usitegemee kunde peke yake, jaribu mbaazi pembeni kama ua, ina mizizi mirefu na unaipogoa majani mara kwa mara, jaribu fiwi, jaribu mitoo ambayo pia ni mboga. Chimbua mche mmoja uangalie mizizi. Ukiona vipele vidogo vya duara vilivyobandikwa kando ya mzizi, vinatoka ukivisugua na kidole, na ukivipasua ndani ni vya rangi ya waridi, hao ni bakteria wako wako kazini. Vikiwa vyeupe au vya kijani ndani havifanyi kitu. Na kama si vipele bali mzizi wenyewe umevimba vimba na hautoki ukisugua, huo ni ugonjwa wa minyoo fundo, na mchanga wa Pwani unaupenda sana. Watu wengi huuona uvimbe huo wakafurahi wakidhani ni vipele vya nitrojeni. Mitoo na jamaa yake marejea zinasifika kwa kuwapunguza minyoo hao.

Mboji nitapita haraka kwa sababu imeandikwa sana. Rundo liwe angalau mita moja kila upande la sivyo halipati joto, mabichi na makavu kwa tabaka, unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, geuza, huku kwetu miezi miwili mitatu imeiva. Cha kusema ni vitu vipi. Una bahati kwamba uko karibu na Kongowea, kule kila siku majani ya kabeji na vikonyo vya ndizi vyatupwa kwa malori, ongea na akina mama watakuwekea gunia. Migomba iliyokatwa ni potasiamu nzuri. Machicha ya nazi weka lakini kidogo kidogo na uyafukie katikati, yana mafuta, panya na siafu watakuvamia. Makumbi ya madafu usiyatie, yatakaa mpaka uchoke, yapange chini ya tuta la kuinua au kando yake, na yakiwa yaliloweshwa baharini yaoshe kwanza. Kama waweza kupata mashudu ya alizeti au ya pamba nayo ni mbolea kali ya mimea tupu ila bei yake ni ya chakula cha mifugo, na ya pamba huwa na wasiwasi wa dawa zilizopulizwa shambani. Ndiyo, yale majani ya kabeji ya Kongowea huenda yalilimwa kwa samadi huko yalikotoka. Mimi kwangu hilo si neno, lingeoza dampo bure, lakini dhamiri ni yako.

Ile pH ya udongo usijaribu kuishusha kwa nguvu, watu wanauziwa salfa wamwage, na ingebidi uyeyushe chokaa yote iliyo chini yako, huwezi. Dawa ni kuinua tuta juu ya ule udongo kwa mboji nyingi, mboji inashika chuma na fosforasi kwa namna ambayo mzizi unaweza kuvichukua. Fosforasi ndiyo jambo gumu zaidi kwa mtu asiyetumia mifupa, nakuambia ukweli, kwa sababu hewani haipo na kunde haziitengenezi. Watu wakishasikia huna samadi watakwambia ununue fosfati ya Minjingu kutoka Tanzania. Ni mawe mazuri lakini yafanya kazi kwenye udongo wa asidi, kwenye chokaa yetu hayayeyuki, ni pesa za bure, na isitoshe yametokana na kinyesi na mifupa ya ndege wa ziwani wa kale. Kwako wewe fosforasi irudi kwa mabaki ya jikoni na ya sokoni, kila ganda la tunda na kila kikonyo kirudi ardhini. Kuna wanaotumia mkojo wa binadamu uliochanganywa na maji mara kumi, kwa kilimo ni kweli unafanya kazi, una nitrojeni na fosforasi zote mbili na hakuna mnyama aliyedhulumiwa, lakini una chumvi na wewe tayari una maji ya chumvi, na kama ni Muislamu ni najisi, hilo muulize ustadh wako si mimi. Mimi kwako singeutumia.

Maji hayo ya kisima. Chumvi haiondoki na mvuke, maji yapanda chumvi yabaki. Mwagia mara chache lakini kwa kushiba ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, usimwagie juu ya majani, na tandaza matandazo mazito, sindano za mvinje zafaa sana kwa hilo kwa sababu hazioze upesi. Masika yakifika kinga maji ya bati kwenye kila kitu ulicho nacho. Mchicha na spinachi huvumilia chumvi, maharagwe hayavumilii.

Mwani: ndiyo, una potasiamu na madini madogo madogo, fosforasi kidogo. Uoshe au uache mvua ya masika iuoshe, halafu uchanganye kwenye mboji usiuweke mtupu. Wakati wa kusi unaletwa mwingi ufukweni. Lakini usichukue kiholela, sehemu kubwa ya ufukwe wetu kuanzia Nyali kwenda Bamburi iko mbele ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, inayosimamiwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, uliza kwanza. Na ukungute, kaa wadogo na konokono wanakuwemo ndani, kwa mtu wa msimamo wako sidhani unataka kuwabeba.

Vitu vya mnyama vinavyojificha pia: sabuni ya kipande unayopulizia vidukari, zingine zina mafuta ya ng'ombe, soma karatasi yake au tumia ile ya mafuta ya mawese au nazi. Mwarobaini uko kila mtaa, ponda majani au mbegu loweka usiku kucha, pulizia jioni jua likishapoa.

Jambo moja la haki nikwambie. Njia hii inachukua ardhi na mikono zaidi. Kwa kiploti chako, robo au theluthi yake wakati wowote itakuwa chini ya mimea ya kulisha udongo na si ya kula, isipokuwa kama Kongowea na lusina zakuletea vya kutosha. Na msimu wa kwanza utakuwa dhaifu, wa pili utapumua. Mtu aliye na samadi ya bure ya jirani atakuzidi mwanzoni, usishindane naye.

Kuhusu B12, hapana. Hutengenezwa na bakteria, mimea haiitengenezi wala haiihitaji, na mboga ya samadi au ya bila samadi zote hazikupi ya kutegemea. Msikilize atakayekwambia ule mboga bila kuosha ili uipate, halafu umkimbie, visima vya Mombasa vingi viko karibu na vyoo vya shimo, utapata kuhara hutapata vitamini. Tumia vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Ini huhifadhi B12 kwa miaka kwa hivo kujisikia mzima leo si ushahidi, na ukianza kuhisi ganzi mikononi au miguuni, uchovu usioeleweka, au kama una mimba au wanyonyesha, nenda hospitali upimwe damu usingoje.

Shambani napo kuna mahali maneno yangu yanaishia. Ukishaacha jivu, ukaweka majani, na baada ya miezi miwili majani machanga bado ni ya manjano, au ukiona mizizi imevimba vile nilivyosema, au mimea inanyauka mchana huku udongo una maji, ita afisa wa kilimo wa kaunti aone kwa macho. Udongo na maji vipimwe pia, KALRO, lile shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wana kituo Mtwapa, waulize utaratibu wa sampuli. Maji omba wapime chumvi na sodiamu. Udongo uchukue sehemu tano sita tofauti za ploti, kina cha shubiri moja, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki na ubebe kama nusu kilo, na upande ule uliomwaga jivu uuweke mfuko wake peke yake na uandike, usiuchanganye na mwengine, la sivyo namba watakazokupa hazitakuwa za upande wowote.